Mbuzi wa Uani katika Visiwa vya Wabajuni

Tarehe 4 Machi 2024 Jamhuri ya Shirikisho ya Somalia ilihesabiwa rasmi kuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tangu siku hiyo yamesemwa mengi na kuandikwa mengi zaidi. Wako waliosifu pwani yake, ambayo hapana nchi nyingine katika bara la Afrika, ukiacha visiwa, iliyo na pwani ndefu kama hiyo. Wako walioingiwa na hofu kwa sababu ya vita visivyokwisha. Wako pia wenye kupiga hesabu za bandari, samaki na mafuta. Mambo hayo ni makubwa, na wenye dhamana nayo wanayashughulikia. Sisi leo twapenda kusema juu ya jambo dogo, tena dogo kiasi cha kuweza kufungwa kwa kamba nyuma ya nyumba. Twataka kusema juu ya mbuzi wa uani katika visiwa vya Wabajuni na pwani ya Kismayu, na juu ya kuku wanaochakura pembeni mwake.

Yafaa kwanza tuwakumbushe wasomaji wetu wa bara kwamba Wabajuni ni ndugu zetu kwa lugha. Kibajuni, ambacho wengine hukiita Kitikuu, ni tawi la Kiswahili, na wenye kukisema wameenea kutoka Faza, Kizingitini, Ndau na Kiunga kwa upande wa Kenya, wakavuka Kiamboni, wakashika safu ya visiwa vya Chovai, Chula, Koyama na Ngumi, hadi Kismayu yenyewe. Jina la mji huo, wasemavyo wenyeji, ni kisima cha juu tu kwa lahaja yao. Mpaka unaowagawa ulitiwa na wengine: mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia nchi ya ng'ambo ya Mto Juba, na kuanzia hapo mtu wa Kiamboni akawa wa serikali moja na binamu yake wa Kiunga wa serikali nyingine. Hatukusudii kuyafufua hayo. Twayataja kwa sababu mbuzi, na maradhi ya mbuzi, hayakupata habari za mkataba ule.

Somalia ni nchi ya mifugo. Kwa hesabu za Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, katika mwaka 2014 iliuza ng'ambo wanyama milioni 5, na kati yao mbuzi na kondoo walikuwa milioni 4.6, ng'ombe 340,000 na ngamia 77,000. Thamani yao ilikadiriwa kuwa dola milioni 360. Sehemu kubwa ya wanyama hao hupakiwa Berbera na Bosaso kwenda nchi za Ghuba. Mbuzi wa Chovai hakuingia katika hesabu hiyo, wala hakuwa na njia ya kuingia, maana hesabu hufanywa bandarini, naye huuzwa kwa jirani.

Kwa upande wa pili, Mbajuni ameandikwa katika kila kitabu kuwa ni mvuvi. Mtaalamu wa Kiitaliano Vittorio Grottanelli, alipotoa kitabu chake juu yao mwaka 1955, alikipa jina lenye maana ya wavuvi wa Bahari ya Hindi. Hakukosea. Ustadi wa watu hawa baharini hauna mfano, na mpaka leo wageni husimulia kwa mshangao jinsi walivyokuwa wakimnasa kasa kwa kumfungia kamba samaki aitwaye chazo, ambaye humganda kasa mgongoni asimwachie. Walakini kila aliyewaona baharini hakuingia uani. Kwa hiyo mfugaji wa Somalia akawa ni yule mwenye ngamia, mvuvi akawa ni yule mwenye mashua, na mama wa Chula mwenye mbuzi watano na matetea kumi hakuwa chochote katika daftari lolote. Hilo ndilo kosa ambalo twaona yapasa lisahihishwe sasa, wakati mipango mipya ya Jumuiya ingali kuandikwa.

Ili ieleweke kazi ya mbuzi huyo, na tuanzie mahali ambapo wasomaji wetu wengi wanapafahamu. Katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, kama vile Mbozi, Njombe na Iringa, na katika Masaka na wilaya nyingi za Uganda, nguruwe ndiye kibubu cha nyumba. Mkulima mdogo hamfugi kwa ajili ya kumla, ijapokuwa nyama yake ina wapenzi wengi mijini, ambako imepewa majina ya mzaha yasiyofaa kuandikwa katika safu hii. Humfuga ili awepo siku ya haja. Jike hubeba mimba siku 114 hivi, huzaa watoto 8 au 10 kwa mkupuo mmoja, hula makapi, pumba na maganda ya jikoni, na siku shule zinapofunguliwa huuzwa wawili watatu ikapatikana karo. Ni benki isiyo na fomu. Nayo benki hiyo yaweza kufilisika kwa usiku mmoja, kwa kuwa homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo ilielezwa kwa mara ya kwanza na daktari Montgomery huko Kenya mwaka 1921, haina tiba, na ikiingia katika banda mara nyingi haibakizi kitu.

Pwani ya Kismayu haina benki ya namna hiyo, wala haitakuwa nayo. Wabajuni ni Waislamu, na nguruwe wanayemjua ni yule wa mwituni avukaye usiku kuchimbua mihogo na kuvunja mahindi katika mashamba yao ya bara, adui ambaye hata nyama yake haiwezi kulipa hasara aliyoitia. Lakini haja ile ile ya Mbozi na Masaka iko Chovai, kwa maana mgonjwa ni mgonjwa popote na njaa ni njaa. Nani basi hufanya kazi ya nguruwe pasipo nguruwe? Ni mbuzi, akisaidiwa na kuku.

Tutazame maisha ya nyumba moja ya kisiwani yalivyo. Visiwa hivi ni vya mawe ya matumbawe, na udongo wake ni mwembamba. Maji ya visima vyake yana chumvichumvi, na maji matamu ni yale ya mvua yanayokingwa katika majabia. Kwa sababu hiyo tangu zamani watu wa visiwani wamekuwa na miguu miwili: mmoja kisiwani kwa ajili ya bahari, mmoja bara ng'ambo ya maji kwa ajili ya shamba, mahali wanapolima mahindi, mtama, kunde na ufuta, na kukata boriti za mikoko. Bahari iliyo baina ya visiwa na bara si pana, na vyombo huvuka kwenda na kurudi. Mvua ikiwa njema na bara kukiwa na amani, miguu yote miwili hukanyaga. Bara kukichafuka, mtu hubaki na mguu mmoja.

Na huo mmoja nao haukanyagi mwaka mzima. Kaskazi inapovuma, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari ni shwari na chombo huenda mbali. Kisha huja kusi. Upepo hugeuka, mawimbi hupasuka juu ya mwamba, na chombo kidogo hakithubutu kutoka nje ya mlango. Miezi ya Juni na Julai mvuvi hukaa akashona nyavu, akatengeneza malema, akavua kidogo ndani ya mwamba, kitoweo cha siku na si zaidi. Mchele, unga, sukari na mafuta ya taa havingoji upepo ugeuke. Mwenye duka hukopesha hadi mahali, akisha akaufunga mkono. Hapo ndipo mama mwenye nyumba anapotazama uani.

Mbuzi si mwepesi wa kuzaa kama nguruwe. Hubeba miezi mitano, akazaa mtoto mmoja, pengine pacha. Lakini ana mambo ambayo nguruwe hana. Hutoa maziwa, na katika kisiwa kisicho na ng'ombe maziwa ya mbuzi ndiyo yatiwayo katika uji wa mtoto aliyeachishwa ziwa. Ngozi yake huuzwa. Tena ana soko lililowekwa na dini: akika ya mtoto humtaka yeye, harusi humtaka yeye, na Idi ya kuchinja hupandisha bei ya beberu mzima asiye na kilema. Hapa pana jambo ambalo hatujaliona likitajwa na wapangaji wa maendeleo. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi, na Idi hurudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka. Mwaka 2024 iliangukia katikati ya Juni, na mwaka 2025 mwanzoni mwa Juni. Maana yake ni kwamba kwa miaka hii bei ya beberu imekuwa juu katika wakati ule ule ambao kusi imeifunga bahari. Mama aliyemtunza beberu wake tangu vuli amekuwa akiuza katika wakati bora kuliko wote, na mumewe amekaa pwani hana kitu mkononi. Baada ya miaka kadhaa Idi itarudi ndani ya kaskazi, na bahati hiyo itaondoka hadi kizazi kingine. Mwenye kuleta mradi wa kunenepesha mbuzi yampasa awe na kalenda mbili mezani.

Tumesema mama, wala hatukusema hivyo kwa kupamba maneno. Chombo cha baharini ni cha mwanamume, na aghalabu si cha mvuvi mwenyewe bali cha tajiri. Pato hugawanywa kwa mafungu kama ilivyo desturi ya pwani nzima: fungu la chombo, fungu la nahodha, fungu la mabaharia. Kinachofika nyumbani ni mabaki ya hesabu hiyo. Mbuzi hana nahodha. Wanaomchunga ni watoto, anayemkatia majani ni mama, na mara nyingi mwenye kauli juu ya kuuzwa kwake ni mama pia. Mwenye kudhani kwamba jambo hili ni dogo na aulize katika zahanati yoyote ya pwani ni pesa za nani zilizomlipia nauli ya mashua mtoto aliyeletwa usiku ana homa.

Kuku hatutawazungumza kwa kirefu, kwani habari zao zafanana kote. Yatosha kusema kwamba kuku wa kisiwani hula miba na matumbo ya samaki, hataki malisho ya kununua, na yai lake ndilo pesa ndogo kuliko zote katika nyumba. Adui yake ni kideri, ambao huku kwetu twauita pia mdondo. Ukiingia hufagia kijiji kizima kwa wiki moja.

Serikali zilizopita ziliufikiriaje uchumi wa namna hii? Kwa kweli hazikuufikiria. Baada ya uhuru wa mwaka 1960 Kismayu ilipata bandari mpya kwa msaada wa Marekani, na kiwanda cha nyama za makopo kwa msaada wa Sovieti. Mataifa hayo mawili hayakuwa yakisalimiana, lakini Kismayu yalikubaliana katika jambo moja, nalo ni kwamba mnyama wa maana ni yule wa kundi kubwa ashukaye kutoka malishoni. Bandari ilimngoja yeye, na kiwanda kilimngoja yeye. Kisha ukaja ukame mkubwa wa 1974 na 1975, ambao Wasomali waliuita Dabadheer. Serikali ya Siad Barre iliwahamisha wafugaji zaidi ya laki moja waliopoteza wanyama wao, wengine wakapelekwa mashambani Kurtunwaarey, Sablaale na Dujuuma, na wengine, maelfu kadhaa, wakapelekwa Barawa, Adale na Eyl wakafundishwe uvuvi. Ilikuwa kazi kubwa, na wengi waliokolewa na kifo. Hilo hatulikani. Lakini mvua ziliporudi wanaume wengi waliondoka vijijini wakaenda kutafuta mbegu ya kundi jipya. Mpango ulikuwa umemtaka mtu awe mvuvi kamili au mfugaji kamili. Haukumwuliza Mbajuni, ambaye alikuwa palepale pwani, na ambaye kwa karne nyingi alikuwa mvuvi mwenye mbuzi na mkulima mwenye mashua. Lau angeulizwa, huenda angesema kwamba mwenye kutegemea kitu kimoja katika pwani hii hafiki mbali.

Mwaka 1991 dola ya Somalia ilianguka, na Wabajuni, watu wasiokuwa na jeshi la ukoo wa kuwalinda, wakawa mawindo. Walitoroka kwa mashua na majahazi hadi Lamu, Malindi na Mombasa. Kambi za Mombasa zilifungwa kabla ya miaka ya 1990 kwisha, na waliorejeshwa visiwani walikuta wengine wenye silaha wamekwisha kutamalaki, hata mwenyeji akawa kibarua katika bahari ya babu yake. Wako waliokimbia tena. Wako waliobaki wakaanza upya kwa nyavu za kukopa. Wale waliokimbia hawakuweza kupakia mbuzi katika mashua iliyojaa watoto, na hakuna daftari lililoandika ni wangapi walioachwa wamefungwa uani. Mtu huandika vyombo vilivyoporwa na nyumba zilizochomwa. Mbuzi haandikwi, naye ndiye aliyekuwa akiba yote ya nusu ya familia.

Hatusemi kwamba mbuzi haporwi. Huporwa, tena kwa urahisi. Lakini ana sifa moja ambayo mashua haina: aweza kugawanywa. Ni desturi ya kale ya watu wetu, kutoka pwani hadi maziwa makuu, kumpa ndugu au rafiki mbuzi amtunze, na wazao wakagawana. Mwenye mbuzi sita katika nyumba tatu hapotezi wote kwa siku moja. Mashua ni moja, na ikichukuliwa imechukuliwa. Kwa hiyo anayepanga kuwasaidia waliorudi, na wako bado wanaorudi kidogo kidogo, asiridhike kugawa mashine za mashua na nyavu tu. Baada ya mashine ya mwanamume yafuate majike mawili ya mwanamke.

Wako watakaotuambia kwamba mbuzi ni mharibifu, na kisiwa kidogo hakimwezi. Hoja hiyo ni ya kweli, na twaikubali kuliko wanavyodhani. Katika kisiwa cha Pinta, mojawapo ya visiwa vya Galápagos katika Bahari ya Pasifiki, mbuzi watatu waliachwa mwaka 1959, na kabla ya miaka 20 kupita walikuwa makumi ya maelfu, wameyala majani ya kisiwa karibu yote. Chula na Chovai ni vidogo, na mikoko yake, ambayo mbuzi huipenda, ndiyo malezi ya samaki na kamba wachanga. Lakini mbuzi wa Pinta hakuwa na mwenyewe. Wa kwetu anaye. Tena ana mpaka mwingine ulio mkali kuliko sheria yoyote, nao ni maji. Jabia lenye ufa huwanyima watu na wanyama pamoja, na hapana mama atakayemzidishia mbuzi wa sita maji anayomwekea mwanawe. Tunachokitaka si makundi. Ni mbuzi watatu, wanne, watano kwa nyumba, wafungwe kamba au wakae bandani, wakatiwe majani ya bara na kupewa mashudu ya ufuta yanapopatikana, na mikoko iachwe isimame.

Jambo lililo kubwa zaidi ni maradhi, na hapa ndipo twataka wenye madaraka watusikilize. Nchi hii iliyo baina ya Mto Tana na Mto Juba ina historia ambayo dunia yapaswa kuijua. Sotoka ya ng'ombe, iliyoangamiza mifugo ya Afrika tangu miaka ya 1890, ilijificha mara ya mwisho katika malisho ya Wasomali wa pande zote mbili za mpaka. Mara ya mwisho kuonekana popote duniani ilikuwa mwaka 2001, kwa nyati wa mbuga ya Meru nchini Kenya, na mwaka 2011 ikatangazwa kuwa imekwisha ulimwenguni. Ni ugonjwa wa pili katika historia yote kufutwa, baada ya ndui. Ulifutwa kwa chanjo iliyovumilia joto, na kwa kazi ya watu wa kawaida waliofunzwa kuchanja ng'ombe mahali ambapo daktari mwenye shahada hakuweza au hakutaka kufika.

Sasa mashirika yale yale yameazimia kuifuta sotoka ya mbuzi na kondoo ifikapo mwaka 2030. Somalia imekwisha kuchanja mamilioni ya wanyama katika kampeni zilizoanza mwaka 2012. Kampeni hizo hufuata visima na njia za makundi, na ni haki zifanye hivyo, kwa kuwa huko ndiko waliko wengi. Lakini mchanjaji mwenye sanduku la barafu mgongoni, akiwa na makundi ya mamia mbele yake, hatavuka maji kwa ajili ya mbuzi kumi na wanane wa kitongoji kimoja asipoagizwa. Na ugonjwa usipofutwa katika kitongoji hicho haujafutwa. Mbuzi wa Chovai huvuka na bwana wake kwenda shamba la bara, mbuzi wa Kiamboni huuzwa Kiunga, na wa Kiunga hupelekwa Lamu kwa ajili ya Idi. Kadhalika homa ya Bonde la Ufa, iliyoua watu na mifugo kaskazini mashariki mwa Kenya na kusini mwa Somalia baada ya mvua kubwa za 1997 na tena za 2006, haikuuliza pasipoti. Baada ya homa hiyo kuzuka Uarabuni mwaka 2000, Saudi Arabia ilifunga mlango kwa mifugo hai ya Somalia hadi mwaka 2009. Wenye makundi makubwa waliumia, na habari zao zikaandikwa.

Tutaambiwa kwamba serikali iliyoko ina mizigo mizito kuliko mbuzi. Ni kweli. Mwezi Desemba 2024 majeshi ya Serikali ya Shirikisho na ya Jubaland yalipigana huko huko Kiamboni, juu ya madaraka na uchaguzi, na watu wa pwani wakasikia milio ya bunduki kwa mara nyingine wasiyoihesabu tena. Mtu hawezi kuzitaka ofisi mbili zinazopigana zikae meza moja kuzungumza juu ya kideri. Ndiyo maana twaitupia macho Jumuiya. Lamu iko katika Jumuiya tangu zamani, na Kismayu imeingia. Wataalamu wa mifugo wa Lamu wanakijua Kibajuni, wanayajua maji na wanazijua nyakati za upepo. Hapana mtu aliye karibu zaidi na kazi hii kuliko wao, iwapo usalama utaruhusu na wenyeji wa pande zote wakakubaliana.

Kwa habari ya mbegu, twaomba pasiletwe wanyama wa fahari. Huko Mgeta, katika milima ya Uluguru, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilileta mbuzi wa maziwa wa Kinorwe mwishoni mwa miaka ya 1980, nao wamewafaa wakulima wa mlimani, ambako kuna baridi na majani. Ukimleta mbuzi huyo Koyama umemleta afe. Na hapana haja, kwa sababu mbuzi mweupe wa Kigala, ambaye Kenya imemsambaza kwa wakulima wake wa nchi kavu kwa uvumilivu wake na wingi wa maziwa yake, asili yake ni huku huku, katika nyika ya nyuma ya Kismayu na jirani zake. Beberu mmoja aliyechaguliwa vizuri, akazungushwa katika vijiji viwili au vitatu, atafanya kazi kuliko ndege nzima ya mbuzi wa kigeni. Na utaratibu wa kukopa jike na kulipa jike, ambao Tanzania imeuzoea kwa ng'ombe wa maziwa, waweza kufuatwa pasipo kuundiwa ofisi.

Kwa kuku, chanjo ya mdondo iitwayo I-2, ambayo hustahimili joto kuliko nyingine na hutiwa tone moja katika jicho, imetumika vijijini Tanzania na Msumbiji kwa miaka mingi, na akina mama ndio wachanjaji. Hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Binti mmoja wa kila kijiji cha kisiwani aliyefunzwa kwa siku chache aweza kuifanya.

Kwa mbuzi kazi ni nyepesi zaidi. Kinga ya chanjo ya sotoka yao hudumu miaka mitatu au zaidi kwa sindano moja. Kwa hesabu hiyo visiwa vyote, kutoka Ngumi hadi Kiamboni, vyahitaji safari moja ya mashua kwa kila miaka mitatu, ikiwa na mchanjaji, sanduku la barafu, na mtu wa kuandika majina ya wenye mbuzi, wanawake wakiwamo. Safari hiyo haina budi kufanywa ndani ya kaskazi, bahari ikiwa bado shwari. Ikifika Aprili imekwisha kuchelewa.